Jino la Bi Somoe

Kauri: neno moja, nyumba mbili.
Kule ni simbi iliyoachwa na maji kupwa,
huku ni unga huu kwenye kichupa,
mweupe kushinda unga wa makopa.

Nafanya kazi chumba cha nyuma, jirani na Ligula,
dirisha moja, feni moja,
na tanuri dogo la kuchoma andazi moja.
Halichomi andazi. Linachoma meno.

Nadondoshea unga maji, nachovya brashi,
napanga jino tabaka juu ya tabaka:
la ndani rangi ya samli, la nje rangi ya mvuke,
nalijenga kubwa, kubwa kupita haja,
kwa kuwa moto nao una ushuru wake.
Usipojua kuhesabu, unaingiza jino la mtu mzima
unatoa la mtoto.

Msimu wa korosho alikuja Bi Somoe Chilumba,
kutoka Mahuta, kwa basi la alfajiri,
pengo mbele, juu, kushoto,
na hela ya mauzo ya kwanza kwenye pindo la kanga.
Nikamlinganishia rangi, nikaandika: A-tatu.

Jino la kwanza lilipasuka. Umeme ulikatika,
katika mji huu unaokalia gesi,
moto ukashuka ghafla, kauri ikalia *ti*,
kama mtu aliyekumbuka jambo.

La pili lilinyooka, likameta. Nikajisifu kimoyomoyo.
Nikamjaribisha. Akakitazama kioo kwa muda.
"Mwanangu, hili la nani?"
"Lako, bibi."
"Langu lilichongwa. Hili halijachezwa unyago."

Akaachama.
Meno matatu ya mbele, ncha tatu.
Sikuwa nimeyatazama.
Nilikuwa nimeyapima.

Chuoni makali ya jino hunyooka kama rula,
na lililochongwa liko kwenye sura ya kasoro.
Nikachukua kijiwe cha almasi, punje ya mtama,
nikakaa mbele yake.

"Pita hapa. Sasa panda. Usikwangue,
Sijaona hakukwangua."
"Sijaona ndiye nani?"
"Aliyenichonga. Kipatasi chake, na kigongo cha mpingo.
Kichwa changu kiko mapajani mwa mama,
natema vumbi la mwili wangu mwenyewe."

Na hapa vumbi likaruka,
likatua kwenye nyusi zangu.
Nilikata kidogo, nikamwonyesha, nikakata kidogo.
Mara mbili alinishika kifundo cha mkono
akaupindua, hivi,
na mkono ukajua.

Nikalirudisha motoni, mng'aro ukayeyuka,
ukafunika njia ya kijiwe.

Nilipoligandisha hakuomba kioo.
Alipitisha ulimi, akarudi, akapitisha tena,
kama mama anayehesabu watoto gizani.
Tangu lile pengo, kila *sa* na *si*
zilikuwa zikimtoroka kama kuku wa jirani.
Akameza mate.
"Sijaona," akasema,
na jina likapita katikati ya ncha,
jembamba, kali, zima.
Sikujua kama anamwita mtu
au ananijibu mimi.

Alifungua pindo, akahesabu noti, akadai chenji yake.

Jioni nilifungua daftari.
Rangi: A-tatu.
Safu ya umbo ilikuwa bado tupu.
Nikaandika: Mahuta.