Kiti cha Kulia

Lori la baba lilizaliwa kwa ajili ya ng'ambo,
usukani kushoto, mlango wa dereva upande wa mtaro.
Alilinunua Beni, kwa mtu aliyekuwa na haraka,
akavuka nalo daraja la Lubiriha,
na pale magari yanapobadilishana pande
kama wacheza ngoma waliosikia filimbi,
lori likahama.
Usukani ukabaki ulipo.

Kwa hiyo mimi.
Muhindo, mtoto aliyegeuza mkondo
baada ya wavulana wanne,
nikapandishwa upande wa pili, miaka tisa,
nimekalia gunia la kahawa ili kioo kinifike.
"Hicho ni kiti cha kulia," alisema,
"lakini humo hatulii."

Toka Bwera mpaka Kasese yeye aliona mtaro,
mimi niliona barabara.
Mbele yetu tangi la mafuta, mgongo mpana kama ukuta wa kanisa.
"Kuna nini?"
"Basi."
"Sasa?"
"Pikapu. Ina ng'ombe."
"Sasa?"
Na hapo neno langu moja, twende,
lilibeba tani saba, na baba, na mimi mwenyewe.

Siku moja tu nilikosea. Karibu na Kikorongo
nyati walikuwa wamesimama majanini na ndege migongoni,
nikasema twende huku nikiwahesabu.
Rangi ya gari lile siikumbuki. Nakumbuka honi,
na nyasi ndefu zikipiga kioo, na kimya,
na gunia moja likijimwaga taratibu nyuma yetu, kama mvua.
Baba akashuka, akazunguka lori, akakojoa, akarudi.
Akawasha.
"Kuna nini?" Sauti ileile ya jana.
Sikuweza. Akangoja.
Yakapita magari kumi na moja, niliyahesabu,
na baba akangoja mpaka niliposema.

Leo gari ni langu, Korona kuukuu ya Japani,
usukani kulia kama barabara inavyotaka.
Lakini mimi nilijifunzia lori,
na wiki ya kwanza, kila nikitaka kukata kona,
nilibonyeza wipa badala ya taa:
zikakwaruza kioo kikavu, jua la saa saba,
wauza mapera wakanipungia, wakidhani nawaaga.

Nampeleka baba kliniki, goti lake la klachi limekufa.
Anakaa kushoto, palepale alipokaa miaka ishirini,
ila mbele yake hakuna kitu cha kushika.
Mguu wake mzima unakanyaga breki isiyokuwepo,
zulia la upande wake limeanza kutoboka.
Gia tu ndiyo haikuhama.
Ipo penye mkono wake wa kuume, kama zamani,
na yeye anaitazama kama mtu anayetazama chakula cha wageni.

Kabla ya Kikorongo, tangi tena.
Mimi naona mbele yote, sina haja ya kuuliza.
Nauliza.
"Kuna nini, baba?"
Anageukia dirisha lake.
"Yule mama wa nanasi. Amezeeka, ila kofia ni ileile.
Mbuzi wawili, mmoja kiwete.
Mtoto na jerikani, viatu vya kaka yake.
Mwanamume amekalia tairi, hana neno."
Anasema haraka haraka, bila kukosa hata mmoja,
na mimi miaka yote ile
nilidhani upande wake hapakuwa na kitu.

Tangi linapunguza mwendo.
Mkono wangu wa kushoto unashuka kwenye gia,
unakuta wake umeshafika, mkavu, mzito.
"Tatu," anasema.
"Bado," namwambia. "Kuna basi."