Droo Haina Chumba cha Mbili

Droo yangu ina vyumba vitano:
cha moja, cha tano, cha kumi, cha ishirini,
na cha mwisho kwa vocha za maziwa.
Noti ya mbili haina chumba.
Nainua trei, nailaza chini,
pamoja na ufunguo wa akiba
na picha ya paka wetu aliyegongwa na gari.

Mwaka wa kumi na tisa huu, mashine namba tatu,
Coos Bay, Oregon, mji wa magogo
na mvua isiyopiga hodi wala kuaga.
Siri ya mtungi aijuaye kata.
Ya mji huu, muulize keshia.

Kila Alhamisi Gus Lindqvist huenda benki
na pikapu yake yenye mlango mmoja wa rangi ya kuazima,
akarudi na mbili mpya, bunda juu ya bunda.
Katika klabu yake, nyuma ya duka la matairi,
ukivunja ishirini unapewa noti kumi za mbili.
Moja hakuna. Usiulize.
Anayetaka kumtuza mchezaji kidogo,
udogo wake unaanzia hapo.
Ni ujanja, lakini wasichana hawalalamiki:
nguzo ni ile ile, magoti ni yale yale.

Mimi nimeingia mara moja tu,
kufuata simu ambayo kaka yangu aliisahau.
Niliona taa ya waridi,
mtu akila mabawa ya kuku peke yake,
na msichana amepiga magoti, akinyoosha noti
taratibu, kama mtu apigaye pasi kola ya shule.

Jumatatu noti zinatoka kutembea.
Zinafua nguo, zinajaza petroli,
zinamlipa daktari wa meno ya mtoto.
Kila azipokeaye hutazama noti, halafu uso,
halafu dirisha,
kwa ile adabu inayouma kuliko tusi.

Marlys Vandehey alikuja saa mbili asubuhi,
nywele mbichi, koti la mvua la baba yake.
Mayai. Nepi. Dawa ya kuchua.
Akahesabu juu ya mkanda: mbili, nne, sita,
midomo ikicheza kama ya mtoto wa darasa la pili,
hadi thelathini na nane.
Nne kati ya hizo zilikuwa hazina pembe,
pembe ya juu, kulia, imenyofolewa kwa kucha.
Wiki iliyopita zilikuwa tatu.

Nyuma yake Bwana Haldorsen wa bima akakohoa.
"Hivi siku hizi," akaniuliza mimi, si yeye,
"watu wanazipata wapi hizo?"
Marlys akapanga mayai yake juu ya nepi.
Sikujibu. Nilipiga bei ya sigara zake,
nikapokea kumi yake,
nikainua trei,
chenji nikamrudishia mbili moja, safi.

Mkono wake haukumuuliza.
Kidole gumba kikaikamata pembe ya juu, kulia,
kikanyofoa.
"Mama yangu," akasema, "alisema inaondoa nuksi,"
na sentensi ikamfia mdomoni,
maana Marlys alikuwa bado mlangoni
akipambana na mwavuli,
na mwavuli ulikuwa umeshafunguka zamani.

Hakucheka. Alimwitikia kwa kichwa tu,
kama unavyomwitikia mtu wa mtaani kwako,
akatoka.

Nyuma ya noti ile kuna wanaume wengi sana,
waliosimama, walioketi, wote wameielekea meza moja.
Niliwahi kuwahesabu, siku isiyo na wateja,
nikaishia njiani; wa nyuma ni vichwa tu.
Mwanamke hayumo.
Gus angewauzia bia.

Jioni, nikifagia, nilikipata kile kipembe,
kijani, kidogo kuliko ukucha.
Nilitaka kukitupa.
Kipo chini ya trei, kando ya paka.