Sekunde Kumi na Moja

Nimezihesabu kwa saa ya ukutani,
ile ya zawadi ya duka la rangi, Buguruni:
kumi na moja, tangu nibonyeze
hadi kihariri kifumbue jicho
na kishale kianze kupepesa.

Tabata Kimanga, saa tano usiku.
Luku imebaki yuniti tatu na nukta.
Fundi mageti hapo nje amezima mtambo wake,
umeme umeacha kutetemeka, naweza kufanya kazi.
Kompyuta yenyewe ni ya mkono wa tatu;
herufi N imefutika, naijua kwa kidole.

Mwanzo nilidhani dawa ni kuongeza.
Jalizi ya kupaka maneno rangi,
jalizi ya kukagua mabano,
jalizi ya kuonyesha hali ya hewa. Hali ya hewa!
Mimi ninayeijua mvua kwa bati.
Kila nikiwasha zilijazana mlangoni
kama wageni waliofuata harufu ya pilau,
na mwenye nyumba nikasubiri nje.

Ndipo Ambakisye akaniandikia kutoka Tukuyu,
kwa ufupi wake uleule, maana bando ni hela:
"Humwiti fundi bomba siku ambayo bomba halijapasuka.
Kila mmoja akae kwake.
Aje akiitwa."

Nikakesha nazo.
Nilifuta kumi na nne, hali ya hewa ikatangulia.
Zilizobaki nikazipa masharti:
wewe, amka nikifungua faili la hesabu;
wewe, nikibonyeza hapa;
wewe lala tu, nikikuhitaji utasikia.
Nikawasha.
Sekunde moja. Na yenyewe haikutimia.

Halafu nikaweka ile ya kutelezesha.
Zamani ukurasa uliruka
kama mtu anayevuka matope kwa kukanyaga matofali,
mstari wa mia mbili, chupu, mia mbili arobaini,
na cha katikati hakuna aliyekiona.
Sasa ulishuka kama kanga inayovutwa kambani
taratibu, ua baada ya ua,
mpaka jina lisomeke.

Faili ni la duka la dawa la Mama Sikudhani,
Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu.
Mistari elfu tisa tuliyoandika wawili,
mimi na Ambakisye,
kabla figo za baba yake hazijamwita nyumbani.
Nikaiteremsha yote, si kwa kazi,
kwa raha tu ya kuiona ikiteremka.

Na huko elfu sita mia nne na kumi na mbili,
mahali tulipozoea kuparuka,
palikuwa na maneno ya kijivu,
yale ambayo mashine huyapita bila kuyasoma:

"Hapa nimekosea. Kila katoni ya mseto
inahesabiwa pakiti sita zaidi.
Nimeona aibu kusema. Nitarekebisha Jumatatu."

Jumatatu ile alikuwa ndani ya basi, anapanda Kitonga.

Miezi minane daftari lilisema ziko,
rafu ikasema hazipo.
Tukamtilia mashaka Mashaka,
kijana wa kaunta, mpole, mwenye shati moja la kazi.
Mimi ndiye niliyemwonyesha mama mwenye duka zile tarakimu,
nikasema mashine haidanganyi.
Mashaka aliondoka bila kudai nusu mwezi wake.

Nimetoa sita. Ni herufi chache tu,
hata chai haijapoa.
Maneno ya kijivu nimeyaacha palepale.

Nikazima. Nikawasha tena,
nikitumaini, sijui, labda itachelewa,
labda nipate ule muda wa kutazama ukuta.
Lakini kishale kilikuwa tayari, kinapepesa,
kinangoja barua ya kwenda kwa Mashaka,
na mimi niliyelalamikia sekunde kumi na moja
nimekaa hapa, vidole juu ya kibodi,
hadi Luku ikaanza kulia.