Buku la Bwanaheri

Nawasalimu Chaani, mwakilishi nimerudi,
Sina fulana kwapani, wala kanga za zawadi,
Ni faili mkononi, na koo lenye baridi.
Kipaza kimekaidi, sogeeni, mwasikia?

Mswada wa makontena, yafunguliwe na sisi,
Yasipite tukiona, kwa reli mbio na kasi,
Kwanza ulisomwa jina, ukapita kwa wepesi.
Mara ya pili, mikosi: kengele ikalilia.

Dakika kumi yalia, viti tupu vyatazama,
Akidi yatukimbia, wenzangu wapo kwa nyama,
Spika akaniambia, “Bibi, muda umekoma.”
Nikakaa. Nikasema moyoni: nitarejea.

Kamati wakanidai takwimu zenye mihuri,
Huku wakionja chai na sambusa zilo nzuri.
Nikauliza: hufai ushahidi wa dhahiri?
Nikamtaja Jabiri wa gereji, mwamjua,

Magurudumu kuziba, kumi kwa siku, halali,
Leo riziki ni haba, akibahatika, mbili.
Nyamvula, haki ya baba, viazi karai, mali:
Beseni nne awali, sasa moja yabakia.

Wakasema: “Hizo ngano, tuletee karatasi.”
Usiku wa saa tano nikapanda basi, kasi,
Kuja kutafuta neno lisilo na wasiwasi.
Bwanaheri, bila kesi, buku akanifungia.

Buku la deni, la duka, jalada lanuka uta,
Kurasa zimekunjika, na kalamu zimepita:
Sukari ya kupimika, unga robo, na mafuta.
Waliolipa, kafuta: ni watatu, naapia.

Nikaliweka mezani pa Bunge. Karani aja,
Akatazama pembeni, muhuri autaraja.
Nikamjibu: “Doani ndipo penye yetu hoja:
Kidole gumba kimoja cha uta, kimetulia.”

Mwenyekiti akasoma, miwani puani pake,
Ghafula akasimama, akameza chai yake:
“Yupi huyu Mwanajuma, mia tisa deni lake?”
Nikajibu, nisicheke: “Ni mimi. Sijalipia.”

Wakacheka, hata yule mlinzi wa mlangoni.
Nikaona: ndipo pale tumeingia moyoni.
Kifungu cha tisa kile kikapita kamatini;
Mwezi wa tatu, Bungeni, mswada utarejea.

Sasa nakuja kwa shida, msinitupie viti.
Bungeni ipo kaida: cha meza, chenda kabati.
Niliomba kila muda, wamenipa tu risiti.
Buku limekwisha keti Nairobi, lasinzia.

Naona mwatabasamu, hasa walo nyuma kule;
Hesabu hatufahamu ni ya huyu, ni ya yule.
Sheria yangu, kaumu, iliyopita ni ile:
Kumfilisi mpole Bwanaheri, pasi nia.

Yule pale, kanyamaza, kofia i magotini.
Buku tupu kaagiza, halina jina kwa ndani.
Mia tisa nazilaza: hizi hapa, hesabuni.
Nani wa pili, semeni, deni lake akijua?

Kimya. Kiti kimelia, nyuma, karibu na nguzo.
Nyamvula ajiinua, aja bila ya agizo:
“Sabuni nilichukua, na chumvi, bila mzozo.
Mia tatu, sina hizo; andika, nitalipia.”

Na Jabiri asimama, na wengine nyuma yake.
Hoja bila ya kusoma imepata ndiyo zake.
Akidi leo ni njema, kila mtu deni lake.
Ripoti basi niweke chini. Nani afwatia?