Kiti cha Mbele

Wamenipa kiti cha mbele, chenye mto.
Soda wamenifungulia, mrija wameutia,
kama mtoto wa chekechea.
"Pumzika, Bi Mwanakhamisi, umeshatufanyia mengi."

Miaka ishirini na miwili daftari la maziko la Kibokoni
lililala chini ya godoro langu.
Sanda, ubani, mchele wa hitima:
haikupotea hata senti.

Sasa Taufiki anasoma hesabu kwenye simu.
Amekosea. Mia nane hazipo.
Nainua mkono.
Wananipungia, wanacheka kwa mapenzi.

Mapenzi haya, wallahi, yanaua polepole.
Usiku nalala chali nahesabu boriti za dari,
kumi na nne, kisha tena kumi na nne.
Mkaza mwanangu kamwambia daktari:
siku hizi mama yuko kimya, huenda ni usahaulifu.

Nimesahau nini? Kimya hiki nimepewa,
pamoja na mto.

Mkutano umekwisha. Mtoto anayekusanya chupa
aona karatasi chini ya yangu, imelowa pembeni.
"Bibi, umeandika nini?"

"Soma," namwambia.
"Kwa sauti."