Kadi Nyekundu

Cardiff, Jumanne, manyunyu dirishani.
Kamati ya kumshauri Waziri imeketi,
na mimi, mwandishi wa kumbukumbu, nakoroga chai.

Gethin Probert ana miaka arobaini na mmoja,
amevaa tai ya marehemu baba yake,
na kadi tatu mbele yake kama mwamuzi:
kijani, endelea; manjano, taratibu;
nyekundu, simama, sijaelewa.

Mtaalamu anasema, "Mikakati jumuishi mtambuka."
Nyekundu.
Anasema, "Yaani, kujengeana uwezo."
Nyekundu.
Anakohoa. Anapekua makaratasi.
Nakiri, wengi wetu hatujaelewa tangu Februari;
tulitikisa vichwa tu, watu wazima wenye digrii zetu.

"Basi namba kumi na saba," asema Gethin,
polepole, kama mtu anayehesabu chenji,
"mmeliondoa Jumapili.
Jumapili ndiyo siku ya Eirlys.
Mliandika kupenda ni haki yangu, ukurasa wa nne.
Nitaifikia kwa miguu?"

Kimya. Hata kipasha joto kimeacha kuguna.
Mwenyekiti ananigeukia: "Andika, hoja imepokelewa."

Imepokelewa. Naijua sentensi hiyo, ni jembe langu;
nimezika nayo maombi ya watu miaka tisa.
Kalamu inasita.
Gethin ananitazama, hasemi neno,
anainua tu ile kadi.

Naandika: Kumi na saba. Jumapili.
Nani atalirudisha, na lini?