Saa Kumi na Moja

Nina saa kumi na moja.
Kalunde huchungulia dirishani, kisha huniambia,
"Bado, alasiri ndiyo kwanza inaadhiniwa."
Anajua fika ninachosema. Ananikejeli tu.

Zimelala ndani ya kopo la biskuti, juu ya kipande cha kanga,
vioo vimekwaruzika kama magoti ya watoto wa Ng'ambo.
Hii ya Mjerumani ina kizimba cha chuma usoni:
mwenyewe alihofia vipande vya mzinga kuliko kuchelewa.
Niliikuta Kaliua kwa mrina asali,
ameitundika kwenye mzinga
(wa nyuki, si ule mwingine)
ati mlio wake unamkera nyegere.

Hii ya Mbelgiji, wale walioingia Tabora mwaka wa kumi na sita,
haina mshale mrefu. Inanipa saa bila dakika,
nami sijawahi kuidai zaidi.
Saba ni za Mwingereza. Geuza mgongo:
unyayo wa kunguru, mali ya serikali.
Rangi iliyong'aa gizani imekufa,
imebaki na wekundu wa meno ya mla tumbaku.
Mbili sijui zilikotoka, na zenyewe hazisemi.

Zote zilifundishwa kuhesabu kuanzia usiku wa manane.
Mimi nazisoma kichwa chini miguu juu:
mshale ukigusa saba, nasema moja,
kama kila mtu mji huu.
Huwaza, usiku, ni wangapi waliofika vitani
saa sita kabla, au saa sita baada,
kwa kosa la mkalimani mmoja mwenye usingizi.
Miaka ishirini na tisa nimekata tiketi stesheni;
nimewaambia abiria "treni iko karibu"
mpaka ulimi ukaota sugu.
Usiniulize kwa nini napenda saa.

Ya kumi na mbili niliisikia Isevya,
kwa Bi Sizya, binti wa keya aliyerudi Bama,
Sajini Lusangija.
Nilikwenda na pesa za msimu, nimezifunga kwenye leso.
Akatoa kopo la kahawa, akakung'uta:
ukanda wa ngozi, mweusi, mgumu kama samaki mkavu.
Ukanda tu.
"Saa yenyewe tulibadilisha na madebe mawili ya mahindi,
mwaka ule wa njaa. Ilikuwa inakwenda vizuri."

Nikaupeleka kwenye mwanga wa mlango.
Matundu sita ya kiwandani, yamepangwa kigwaride.
Baada ya la sita, matatu ya msumari,
yamekwenda upande, kila moja likizidi kuufuata mkono ndani.
"La kwanza alitoboa melini," alisema.
"La pili msituni, mvua haikatiki,
wanakula biskuti za kuvunja meno."
La tatu akalipitisha kidole, hakulitaja.

Nikajifunga mwenyewe. Hata la nne sikufika.
Mjukuu wake alikuwa kizingitini na daftari la darasa la pili;
nikamwita, kwa mzaha, nikamvisha,
nikauvuta mpaka tundu la mwisho.
Ukamkaa sawasawa.
Akatikisa mkono. Haukucheza.

Kwenye jiko la jirani mtu alikuwa anakoboa karanga.
"Mvue," alisema Bi Sizya.
Vidole vyangu, vinavyofungua skrubu ndogo kuliko mbegu ya mchicha,
vikashindwa na kifungo kimoja.
Akamvua yeye, akauviringisha, akaurudisha kwenye kopo.
Leso sikuifungua.
Tulizungumza kidogo bei ya mbolea, nikaaga.

Nilirudi kwa miguu, nikapitia njia ndefu.
Taa za stesheni zilikuwa zimewaka,
treni ya Kigoma haijafika, abiria wamekalia mizigo.
Kalunde alikuwa anachambua mchele kwa mwanga wa simu.
"Umeipata? Sasa ziko saa ngapi?"
"Kumi na moja," nikamjibu.
Hakuchungulia dirishani.